Dole Gumba Kwenye Fomu ya Monicah

"Nimeibiwa kizazi, afande."

Konstebo Kipruto aliangua kicheko. Inspekta Chepngetich akamtupia jicho moja tu, kicheko kikakatika. Kisha akamvutia yule mama kiti.

Monicah alikuwa mchuma chai. Machi 1996 alilazwa katika hospitali ya binafsi nje ya mji wa Kericho atolewe uvimbe. Akatoka hana kizazi, na hakuna aliyemwambia. Alikuja kujua miezi minane baadaye, alipopigwa picha ya tumbo kwingine. Alipowashtaki, hospitali ikatoa fomu: mgonjwa amekubali kizazi kitolewe. Chini yake, dole gumba la wino wa buluu. Kesi ilikuwa Alhamisi ya wiki ijayo, na mumewe Owino, aliyefanya kazi kiwandani, alishaiamini ile fomu. Alisema mkewe amefunga uzazi kwa siri, akahama nyumba.

"Hili dole ni lako?"

"Mimi siweki dole. Naandika jina."

"Tangu lini?"

"Tangu tisini na mbili. Gumbaru ya Sigowet, shule ya watu wazima, miaka mbili, kila jioni nikitoka kuchuma. Niweke dole na nimesoma? Aka!"

Akaichukua kalamu ya Inspekta bila kuomba, akaandika majina yake yote matatu, herufi zimesimama wima. Inspekta aliipenda jeuri ile. Mama yake mwenyewe, kule Mulot, alizikwa bila kujua kushika kalamu.

Siku hiyo hiyo alichukua alama za vidole vya Monicah, akaomba fomu halisi mahakamani. Mtaalamu wa alama za vidole akajibu baada ya siku tatu: dole si la mlalamishi. Mwenye dole hilo ana kovu lililolikata kutoka upande hadi upande.

Hospitalini Inspekta alianza na Nesi Phelis.

"Faili za wagonjwa hukaa wapi?"

"Kwa ofisi ya daktari."

"Ufunguo?"

"Ako nao yeye peke yake, afande."

Daktari Robert, mwenye hospitali, alimpokea kwa tabasamu, mkono wa kulia umezama katika mfuko wa koti jeupe.

"Inspekta, hawa wachuma chai ni watu wa kusahau. Alielezwa kila kitu."

"Mbona hakutia sahihi?"

"Hawa? Hawajui kuandika."

"Huyu anajua."

Tabasamu likayeyuka.

"Toa mkono mfukoni, daktari."

"Una haki gani ya—"

"Toa mkono."

Kovu lilikuwa pale pale, limekata dole gumba upande hadi upande. Wino na karatasi vikamaliza ubishi: alama yake ililingana na ile ya fomu.

Kituoni daktari alikiri, macho sakafuni. "Nilikata mshipa kwa uzembe. Damu ikanishinda, nikatoa kizazi. Ningemwambia angeshtaki, na leseni yangu ingeenda. Aliposhtaki nikatengeneza fomu. Nilidhani... mchuma chai tu."

"Mchuma chai tu," Inspekta alirudia, damu ikimchemka. "Ana mwili wake, daktari. Alikuwa na haki ya kuambiwa, na ana haki ya kukudai mbele ya sheria."

Owino, aliyeitwa asikie, alikuwa amesimama mlangoni na ovaroli ya kiwanda.

"Mama Adhiambo, nisamehe. Leo nitarudi nyumbani."

Machozi yalimtoka Monicah, hakuyafuta.

"Baba Adhiambo, uliamini dole la huyu, ukakataa mdomo wa mke wako."

"Nilikosa."

"Ulikosa. Sasa Alhamisi ukae mbele kabisa, wakisoma haya maneno watu wote wasikie, na wewe usikie tena. Mambo ya nyumba tutaongea baadaye."

Akajifunga leso vizuri, akampita, akatoka kichwa juu. Inspekta Chepngetich alijikuta amesimama wima, kama anavyosimama mbele ya mkubwa wake wa kazi.