Meja Arudi kutoka Kisian

Kila asubuhi mbwa mmoja mweusi alitoka kwenye ploti moja ya nyumba za kupanga mtaani Migosi. Jina lake lilikuwa Meja. Alimsindikiza Sheila, msichana wa miaka kumi, hadi lango la shule. Hakuingia. Aliketi nje mpaka kengele ilipolia, kisha akarudi nyumbani peke yake. Dishon, muuza mandazi wa kando ya njia, hakuhitaji saa. Akimwona Meja anarudi, alijua ni saa mbili kasorobo.

Baba yake Sheila, Waliaula, alikuwa fundi wa pikipiki. Mama yake, Nabwire, aliuza mboga sokoni Kibuye. Walitoka Bungoma zamani, na Meja walimpata kabla Sheila hajazaliwa. Mbwa wa miaka kumi na miwili ni mzee kweli. Mdomo wa Meja ulikuwa umejaa mvi.

Mwaka huu Meja alianza kuchechemea. Mguu wake wa nyuma ulivimba karibu na goti. Uvimbe ukakua. Akaacha kwenda shuleni, akaacha kula. Akiguswa, alilia. Nabwire alimwonea huruma, akampa vidonge vyake vya maumivu ya mgongo. Meja akatapika damu.

"Mama Sheila, unamtesa bure," Dishon alisema. "Weka dawa ya panya kwa nyama. Kesho kwisha."

Nabwire alimkazia macho. "Hiyo nyama, wewe Dishon ungekula?"

Dishon akageukia mandazi yake.

"Kwetu mtu haui mbwa aliyemlinda," Waliaula alisema. "Mimi siwezi."

Maneno mazuri hayo. Lakini sikia alichofanya.

Ijumaa asubuhi alimwambia Sheila, "Leo nampeleka Meja kwa babu, Bungoma. Huko kuna hewa nzuri. Atapona."

Sheila alimkumbatia Meja shingoni, akaenda shule akiruka. Nabwire aliendelea kufunga mafungu yake ya mboga. Alijua kwamba Meja haendi Bungoma.

Waliaula alimtia Meja ndani ya gunia, kichwa kikiwa nje. Alimfunga taratibu nyuma ya pikipiki, akashika barabara ya Busia. Alipofika Kisian, alisimama nyuma ya vibanda vya samaki vya kando ya barabara. Hapo kuna watu, alijiambia. Kuna mifupa ya samaki. Mtu mwema hatakosa. Alimlaza Meja kando ya ua wa miti, akamwekea maji kwenye kopo. Meja hakuinuka. Alimtazama Waliaula, akatikisa mkia mara moja.

Waliaula alipanda pikipiki upesi. Macho yalikuwa yanamwasha.

"Omera, ndugu yangu! Umesahau mzigo yako!"

Alikuwa mama mmoja mnene, kijiko cha kukaangia samaki mkononi. Jina lake Emmaculate.

"Mama, mimi... huyu mbwa anapumzika tu," Waliaula alisema.

"Anapumzika? Wa mwezi jana pia alikuwa anapumzika. Lori ilimkanyaga hapo, watoto wakiangalia. Wewe unaogopa kumuua, sasa unataka lori ikusaidie?"

Waliaula alizima pikipiki. Aibu ilimshika mpaka masikioni.

"Bahati yako," Emmaculate aliendelea. "Daktari wa mifugo yuko hapo kanisani. Anachanja mbwa chanjo ya kichaa. Beba mbwa yako, twende."

Daktari aliitwa Nekoye. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa mikono. Alimpapasa Meja mguu, akamsikiliza moyo, akamtazama ufizi. Kisha akauliza maswali.

"Anakula?"

"Siku ya nne leo, hapana."

"Anasimama mwenyewe?"

"Hapana."

"Kwa wiki, siku nzuri ni ngapi na siku mbaya ni ngapi?"

Waliaula alifikiri. "Daktari, siku nzuri sijaona tangu mwezi jana."

Nekoye alitikisa kichwa kwa huzuni. "Si kila mbwa mzee wa kuchechemea anafaa kufa. Wengi tunawapa dawa na wanaishi vizuri. Ndiyo maana tunasema mtuletee mapema. Lakini huyu ana uvimbe mbaya wa mfupa, na umefika mbali. Hatapona. Tena msimpe dawa za watu. Zinachoma tumbo la mbwa."

"Sasa nifanye nini?"

"Kuna njia ya kumpumzisha bila maumivu. Namchoma sindano ya kwanza. Analala usingizi mzito, hasikii kitu. Halafu namchoma ya pili. Moyo wake unasimama polepole. Ni dakika chache tu."

"Hiyo si kuua, Daktari?"

"Ni kufa, Bwana Waliaula. Sitakuficha. Lakini sumu ya panya inamkata matumbo kwa siku nzima, siku mbili. Hapa barabarani angekufa kwa kiu, au kwa mawe. Kifo kiko njiani tayari. Unachochagua ni namna kitakavyomkuta, na nani atakuwa karibu naye."

Waliaula alipangusa uso kwa kiganja.

"Fanya sasa hivi, basi."

"Una watoto?"

"Mmoja. Nilimwambia mbwa ameenda Bungoma."

"Kumbe! Basi amerudi mapema sana," Nekoye alisema, na Emmaculate akacheka. "Nitampa sindano ya kutuliza maumivu, imfikishe kesho, nami nitakuja kwenu asubuhi. Wewe nenda umwambie mtoto ukweli. Usimwambie 'atalala'. Ataogopa kulala. Mwambie atakufa, na kwamba hataumia."

Jioni Sheila alimkuta Meja barazani. Alifurahi, kisha akamwona baba yake amekaa chini kando ya mbwa.

"Nilikudanganya," Waliaula alisema. "Hatukuenda Bungoma. Nilimwacha Kisian, barabarani."

Sheila alilia kwa hasira. Hakutaka kuguswa. Waliaula hakujitetea. Alimweleza yote aliyosema daktari, neno kwa neno. Baadaye sana Sheila akauliza, "Ataogopa?"

"Ukiwa karibu naye, hapana."

"Basi nitakuwa karibu."

Asubuhi Nabwire alichemsha kichwa cha ngege, samaki wa ziwani. Meja alilamba mchuzi kidogo kutoka mkononi mwake. Siku ngapi hakuwa amelamba kitu! Daktari Nekoye alifika saa nne. Walitandika leso uani, kwenye jua. Sheila alipakata kichwa cha Meja.

"Asante kwa kunipeleka shule," alimwambia sikioni.

Sindano ya kwanza ilipoingia, Meja alihema kwa nguvu. Mwili ukalegea. Ile mikunjo ya maumivu usoni ikatoweka. Hawakuwa wamemwona hivyo kwa miezi. Baada ya sindano ya pili, daktari aliweka kifaa chake kifuani.

"Ameenda," alisema.

Wote watatu walilia. Ilikuwa vizuri kulia.

Mwenye ploti aliwapa nafasi nyuma, mbali na kisima.

"Chimbeni kina cha kiuno au zaidi," Nekoye aliwaambia. "Dawa inabaki mwilini. Mbwa mwingine akimfukua na kumla, naye atakufa. Msimtupe jalalani, wala ziwani."

Waliaula alichimba mpaka shimo likamfika kifuani. Alitaka kuwa na hakika.

Mwezi uliofuata, Dishon alikuja kwenye kibanda cha fundi. Alikuwa na paka wake kwenye katoni. Paka alikuwa kipofu na hakuweza kumeza.

"Fundi, nipe namba ya yule daktari," alisema kwa sauti ya chini. "Ile nyama, hata mimi singekula."

Waliaula alimpa.

Siku hizi, kila asubuhi, Waliaula anafunga kibanda kwa muda. Anamsindikiza Sheila hadi lango la shule. Haingii. Anasimama nje mpaka kengele ilie, kisha anarudi peke yake.

Jana Dishon alimwona akipita, akaangalia simu yake.

"Fundi, umechelewa dakika tano!" alimwita. "Meja hakuwa anachelewa."

"Najua," Waliaula alisema akicheka. "Bado najifunza kazi yake."