Kola ya Paka Aitwaye Wakili

Ndugu zangu, nyumba ninayowasimulia ilikuwa na utulivu wake. Asubuhi ungesikia cherehani sebuleni, na mama mkwe akichambua mboga dirishani. Fundi, mke wa nyumba hiyo, alishona huku paka wake amelala miguuni pake. Walimwita Wakili kwa sababu hakuwahi kushindwa kesi. Ukimfukuza kitini alilalamika kwa hoja, mpaka wewe ndiye unayeondoka.

Siku moja Wakili akaacha kula. Alitapika, akajikunyata chini ya meza ya kukatia vitambaa. Daktari wa mifugo alimpasua, akatoa tumboni uzi mrefu wa samawati. Fundi aliutambua kabla hajaulizwa. Wiki nzima alikuwa akishonea sare za shule uzi huohuo.

Paka alirudi na kola ngumu ya plastiki shingoni, pana kama faneli, ili ulimi usiufikie mshono wa tumboni. Daktari aliagiza ikae siku kumi na nne, hata paka anapokula na anapolala.

"Ulimi wa paka una miiba," alimwambia Fundi. "Dakika chache tu zinatosha kuharibu kazi yangu."

Fundi aliitikia kwa moyo wote. Lakini jamani, kupokea agizo ni rahisi kuliko kukaa na anayelia. Wakili alitembea kinyumenyume, akagonga kila mguu wa meza, kisha akaketi akiutazama ukuta. Mume wa Fundi, kinyozi mpenda utani, alisema hajawahi kuona wakili aliyeshindwa na joho lake mwenyewe. Fundi hakucheka. Kila alipomtazama paka, aliuona ule uzi.

Siku ya tatu akafanya kosa ambalo fundi tu angelifanya. Alishona kola nyingine, laini, ya kitambaa kilichojazwa pamba, akaitilia utepe. Na kwa kuwa maisha yake yote ameshona nguo za kuvaliwa na kuvuliwa bila taabu, kola ile nayo ilifunguka kwa kuvuta ncha moja. Ile ya plastiki akaiweka juu ya kabati. Daktari hakuulizwa.

Wakili hakuhangaika na utepe; alihangaika na watu. Asubuhi alisimama mbele ya sahani bila kuigusa, akimkazia macho mama mkwe, mpaka mama mkwe akavuta utepe ili mnyama ale kwa raha. Mchana alipanda mapajani mwa Fundi, akasugua shingo na kuguna. Jioni ilikuwa zamu ya Kinyozi. Kila mmoja alimfungua akiwa peke yake, na kila mmoja alilifunga fundo vizuri kabla mwenzake hajaingia. Alijiambia ni mara moja tu kwa siku, na kwamba wengine wanashika agizo. Walikuwa watu wema, na hilo ndilo linalonisikitisha.

Siku ya tisa Fundi aliona damu na usaha kwenye tandiko la paka. Mshono ulikuwa umefumuka. Wakili, mwenye maneno mengi, hakutoa hata sauti.

Daktari aliuliza nani aliyemvua kola. Kinyozi akatazama viatu vyake. Mama mkwe ndiye aliyeanza.

"Mimi, mwanangu. Wakati wa kula tu."

"Mama, hata mimi," Kinyozi akasema. "Jioni."

Fundi hakuweza kuinua uso. "Na mimi mchana. Tena kola niliibadilisha mwenyewe."

Daktari hakuwafokea. "Kumbe mgonjwa wangu ana wauguzi watatu, na hakuna anayejua zamu ya mwenzake. Nitampasua tena, lakini safari hii siwaahidi kitu."

Walingoja siku mbili, cherehani imefunikwa. Wakili alirudi amekonda, na ile kola ya plastiki shingoni. Hakukawia kufungua kesi yake. Mkono wa mama mkwe ukaanza kwenda kwenye kola.

"Mama, usimfungue," Fundi akasema taratibu. "Na ukiniona mimi namfungua, unizuie."

"Nitakuzuia, mwanangu. Mimi nimekoma."

Kuanzia hapo walisaidiana waziwazi. Kinyozi aliinua sahani juu ya bakuli lililofudikizwa ili kola isigonge sakafu. Mama mkwe alimpangusa mashavu kwa kitambaa chenye maji. Fundi aliingiza kidole ndani ya kola, akamkuna pale ambapo mwenyewe hapafikii, akaparurwa, akaendelea kumkuna.

Nyuzi zilipotolewa, Wakili alijilamba asubuhi nzima, kisha akampita Fundi kama mtu asiyemjua. Alinuna wiki nzima. Kinyozi akauliza kama haimuumi.

"Inaniuma," Fundi akajibu. "Lakini afadhali paka anayeninunia, kuliko paka niliyemzika akinipenda."

Funzo

Wapendwa, si paka tu. Kuna mgonjwa wa kisukari anayepewa soda kwa siri na wanaompenda, kila mmoja kwa wakati wake. Huruma ni jambo jema, lakini ukiona unaificha kwa watu wa nyumbani mwako, jiulize ni nani hasa unayemtuliza, yeye au moyo wako. Mwenye kumuuguza mgonjwa akubali kuchukiwa kidogo. Na asikae na agizo peke yake. Awaambie wenzake, washikane mikono.