Sahihi ya Baba

Kila asubuhi Judith Barraud alishuka mtoni kuosha sufu ya baba yake, Elie, aliyekuwa mfumaji katika kijiji kimoja cha Poitou, nchini Ufaransa. Siku moja ya Septemba, mwaka 1685, alirudi na kikapu kinachochuruzika maji akakuta farasi wanne wamefungwa ndani ya nyumba, pale pale alipokuwa akilala.

"Karibu, binti," alisema sajini, huku akitafuna mkate wao. "Sisi ni wageni wa mfalme. Tutakula na kupiga ngoma mpaka baba yako atie sahihi kwamba ameacha Uprotestanti na kuingia Ukatoliki, dini ya mfalme."

"Na asipotia?"

"Basi mtaizoea ngoma."

Hakuwa akitania. Askari walipokezana kupiga ngoma kando ya kitanda cha mama, aliyekuwa amejifungua siku sita tu zilizopita. Kila alipofumba macho, walizidisha. Siku ya tatu maziwa yalimkauka, na kichanga kikalia mpaka sauti ikakiishia.

Judith alitoka mbio hadi kwenye ngome ya bwana wa eneo lile, kuomba msaada. Mzee Gaspard, msimamizi wa ngome, alimsikiliza langoni bila kumtazama usoni.

"Bwana hayupo, mjukuu wangu. Yuko kwa mfalme, anagombea zamu ya kumshikia mshumaa akienda kulala."

"Lakini Bibi alituambia babu yake Bwana aliwahi kumfungia mfalme lango!"

"Lango hili hili. Enzi hizo alikuwa na askari wake na mizinga yake. Siku hizi askari wote ni wa mfalme. Hata ile hati ya kuwalinda watu wa dini yenu, aliyoitoa mfalme wa zamani, tunasikia huyu ataifuta. Nani atamzuia?" Aliingia ndani, akarudi na kibuyu cha maziwa ya mbuzi. "Chukua. Hili ndilo ninaloliweza."

Judith alipofika nyumbani, ngoma ilikuwa kimya. Askari walikuwa wakitoa farasi nje. Baba alisimama mezani, vidole vimechafuka wino. Muda si muda, ngoma ikaanza kulia kwa jirani.

Mama alilala usingizi mzito. Mtoto alinyweshwa maziwa kwa kijiko, akatapika, akanywa tena. Lakini Judith hakumwamkia baba yake kwa siku mbili. Jumapili, alipomwona akivaa koti kwenda kwenye ibada ya Kikatoliki aliyolazimishwa, alishindwa kujizuia.

"Ulinichapa kwa uongo wa yai moja! Na wewe je?"

"Judith!" mama alimkaripia kutoka kitandani.

"Mwache, ana haki." Baba aliketi kizingitini. "Nimesema uongo, mwanangu. Sitaupamba. Nilimtazama mama yako nikashindwa. Lakini wewe sikudanganyi: humu moyoni hakuna kilichobadilika. Leo mfalme ataandikiwa kwamba amepata muumini mmoja zaidi. Alichopata ni mwongo mmoja zaidi. Mkono wake hauwezi kufika mbali kuliko hapo."

"Na mimi nifanye nini?"

"Sema kweli kadiri utakavyoweza kuibeba. Na siku ukipata nguvu juu ya mtu, hata juu ya huyu mdogo wako, usimlazimishe kusema asichokiamini. Atakisema, lakini hutamjua tena."

Judith alimfungia vifungo vya koti, kisha wakatoka pamoja mvuani.