Sauti Nyuma ya Mlango wa Mheshimiwa

Jua lilikuwa linazama wakati Nguveren alipofika kwa Mheshimiwa Iorwuese, joho la mistari myeusi na myeupe likiwa limekunjwa mikononi. Kesho yake Mheshimiwa angetangaza kugombea kipindi cha tatu katika bunge la jimbo, na fundi wake wa nguo alikuwa Nguveren.

Mji mzima ulimjua Iorwuese tangu akisukuma viazi vikuu kwa mkokoteni sokoni. Akapata lori moja, yakawa saba. Mali alikuwa nayo. Ulimi ndio uliomkataa. Alikuwa na kigugumizi kibaya. Alipoutaka ubunge mara ya kwanza, wachuuzi walimcheka: "Huyu mpaka amalize kutaja jina lake, kura zimeshahesabiwa!"

Siku moja akapanda jukwaani, maneno yakamtoka laini kama mafuta. Wanawake walilia. Akashinda.

Mwezi huohuo Terna, mume wa Nguveren, mwimbaji wa harusi na matanga, aliamka hana sauti. Hospitali hawakuona kitu.

Miaka minane sasa.

Sebuleni hapakuwa na mtu. Palinuka mizizi iliyoungua. Nyuma ya mlango wa chumba cha ndani, mtu alikuwa akijizoeza hotuba. Taratibu... na kicheko kidogo kila alipomaliza sentensi.

Kicheko kile Nguveren alikuwa amekisikia kwenye mikutano, akashuku ni cha mumewe, akajiona mwendawazimu. Leo hapakuwa na vipaza sauti vya kukificha.

"Hodi," alinong'ona.

Hotuba ikakatika.

"Nguve wangu," sauti ikaita. "Mbona umechelewa?"

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo ila mumewe, tena wakiwa wawili tu.

Nyayo zikasikika. Si chumbani. Nje, uani.

Mheshimiwa aliingia kwa mlango wa nyuma, jasho likimtiririka. "Sh-sh-shemeji. We-weka hapo." Akautazama ule mlango uliofungwa, kisha akamtazama yeye. "U-u-umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, Mheshimiwa."

"Vi-vizuri. Usisikie."

Nguveren alirudi mbio mpaka kwake, akafunga mlango kwa komeo. Terna alikuwa anamenya kiazi. Nguveren akayatazama mabati ya paa, yaliyoezekwa mwaka uleule Terna alipopoteza sauti yake.

"Terna, niangalie. Alikuibia, au ulimpa mwenyewe?"

Kisu kikasimama. Terna akainua vidole viwili.

"Ulimpa kwa vipindi viwili?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Na kesho anatangaza cha tatu! Ee mume wangu, umefanya nini?"

Terna alifungua kinywa alie. Hata kilio hakikutoka.

Barabarani gari la matangazo lilikuwa linakuja. "Ndugu zangu, kesho tukutane uwanjani!" Kile kicheko. Likapita nyumba ya kwanza, ya pili. Mbele ya nyumba yao, likasimama. Injini ikazimwa.

Spika ikakwaruza...

"Nguve wangu. Nifungulie, nimechoka kukaa kwa watu."

Terna alimrukia, akamshika nguo, akitikisa kichwa, macho yamemtoka. Nguveren alijikuta ameshafika mlangoni, mkono u juu ya komeo. Hakukumbuka kusimama. Alichokumbuka ni kwamba kwa miaka minane, mpaka jioni hiyo, hakuna mtu aliyemwita hivyo, na kwamba sauti ile, popote ilipokuwa imelala, ilikuwa ya mumewe.