Tangazo Lililokwama

Mume wangu, Demissew, ni katibu wa chama cha kuzikana mtaani kwetu, hapa Dessie, Ethiopia. Zamani mtu akifa, mpiga tarumbeta alizunguka mitaa kutangaza. Siku hizi tuna tovuti. Wanachama huifungua kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, wajue kama kuna msiba.

Jumanne moja alfajiri alifariki Ato Wolde, yaani Bwana Wolde, mume wa jirani yetu Mama Bizunesh. Maziko yalikuwa mchana huohuo. Demissew aliandika tangazo, tovuti ikagoma kulipokea. Alijaribu mara nne. Alipoanza kupiga simu, wengi walishaingia kazini.

Kaburini tulikuwa watu kumi na mmoja. Mama Bizunesh aligeuka kila mara kutazama lango la makaburi. Hakuna aliyeingia.

"Demissew," alisema tulipomrudisha nyumbani, "mume wangu amezika wenzake miaka thelathini. Kwake wako wapi?"

Mimi niliona aibu mpaka nikatamani kuhama mtaa.

Jioni alikuja Yirgalem, binti wa jirani mwingine, fundi wa kompyuta. Alikagua seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti, akasema diski imejaa, haina nafasi ya kuhifadhi hata tangazo. Kila mtu anapofungua ukurasa, seva huandika mstari mmoja kwenye faili la kumbukumbu: nani kaingia, saa ngapi, kasoma nini. Faili hilo lilikuwa na mistari ya miaka mitano.

"Kaka, kwa nini hukulipunguza?"

"Chama hiki hakijawahi kutupa daftari," Demissew alijibu. "Hata ya enzi za baba yangu yamo kabatini."

"Daftari la wanachama litunze. Hili ni la wapita njia."

Kwa hasira Demissew akalifuta faili lote. Diski ikabaki imejaa vilevile.

"Umefuta jina tu," Yirgalem alisema. "Seva bado inaliandikia. Mpaka ilifunge, nafasi hairudi."

Akaizima seva na kuiwasha tena. Nafasi ikarudi. Kisha akamfundisha Demissew njia ya kudumu. Kila usiku wa manane, au faili likifika ukubwa wa megabaiti mia hata kabla ya hapo, seva yenyewe ilipe faili hilo jina lenye tarehe, ifungue faili jipya na kuendelea humo. La zamani libanwe lichukue nafasi ndogo. Likitimiza siku thelathini, lifutwe.

"Muda na ukubwa, vyote viwili?" Demissew aliuliza.

"Vyote. Siku ya msiba mkubwa watu huingia kwa maelfu. Ukingoja usiku, utakuta limeshafurika."

Demissew aliandika yote kwenye karatasi. Wiki nzima alikagua kila asubuhi. Mafaili yalipishana yenyewe, na diski haikujaa tena.

Ikafika arobaini ya Ato Wolde. Tangazo lilitoka siku tatu kabla, bila kukwama. Watu walijaa uani mpaka barabarani, mikate ya injera ikatuishia, tukaazima kwa majirani.

Mama Bizunesh mwenyewe alimpakulia Demissew chakula, akakaa karibu naye.

"Wamekuja wote," alisema. "Nakushukuru, mwanangu. Ila siku ile ndiyo nilikuwa nawahitaji."

Demissew aliinamia sahani yake. Hakula.