Pumzi za Mlimani

Duka la simu lilifurika watu mchana ule, na kijana mmoja mrefu aliyevaa suti ya mazoezi akamkanyaga msusi mwenye gauni la manjano.

"Samahani, dada."

"Miguu mirefu hivyo, macho umeyaacha wapi?"

"Yamekuona, ndiyo maana miguu ikapotea njia."

Msusi alicheka bila kupenda. Kijana alikuwa mkimbiaji, rafiki zake wakimwita Upepo. Mvua zilipoanza, walikuwa hawalali bila kupigiana simu.

Kisha Upepo akapelekwa kambi ya mlimani, kwenye hewa nyepesi. Mwili ukiizoea, damu hubeba hewa nyingi zaidi, na mkimbiaji akishuka huwa mwepesi. Hivyo ndivyo mwalimu wake alivyoahidi.

Mwanzoni alipiga kila jioni. Baadaye sauti yake ikawa fupi, yenye kukatakata.

"Mpenzi, mbona unahema?"

"Nimetoka mazoezini. Tutaongea kesho."

Kesho hiyo haikufika. Msusi alipopiga, mwanamke akapokea.

"Amelala. Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu," akajibu, akakata. Tangu hapo hakupokea simu ya Upepo, na saluni nzima ilijua asitaniwe.

Mwezi ulipoisha, Upepo akaingia saluni na begi lake. Mashavu yalikuwa yamebonyea, suti ikimpwaya.

"Aliyepokea alikuwa muuguzi wa kambi," alisema. "Nilianguka mazoezini. Wenzangu walizoea ile hewa, mimi nikawa silali, chakula hakipiti, damu ikapungua. Mwalimu ameniondoa kwenye timu."

Msusi aliweka kitana chini. "Na mimi ukanificha."

"Niliogopa. Ulimpenda mtu wa mbio."

"Kwa kushindwa hujanikosea. Kwa kunyamaza ndiyo umenikosea. Nimelia huku nikisuka watu, unajua?"

"Nisamehe, mpenzi. Sijui kama nitakimbia tena. Ila nataka kukuoa."

Msusi alichukua tena kitana, akachana nywele zilezile mpaka mteja wake akageuka kumtazama.

"Hilo kalisemee kwa mama," alisema hatimaye. "Na la timu ulitaje mwenyewe, kabla hajauliza."

Mama yake aliishi ghorofa ya nne. Walipofika ya pili, Upepo alishika ukuta, akivuta pumzi kwa shida, uso ameugeuzia pembeni. Msusi naye akasimama. Akafungua mkoba wake, akaanza kutafuta funguo ambazo hakuwa na haja nazo, taratibu, mpaka aliposikia pumzi za mwenzake zimetulia.