Mkono wa Mtu wa Kompyuta

Katika nyumba hii asubuhi huanza kwa ugomvi wa vifungo. Baba anataka kufunga shati lake mwenyewe. Mama anataka kumfungia. Baba husema yeye si mtoto. Mama humjibu kwamba mtoto angekuwa ameshavaa na kwenda zake.

Baba ni fundi rangi. Amepaka kuta na dari tangu ujana wake, na mkono wake wa kulia umekaa juu kuliko chini. Mwaka huu ngazi iliteleza, akaangukia bega. Mfupa ulivunjika. Mkono ukafungwa kwa kitambaa shingoni kwa muda mrefu. Sasa mfupa umeunga na kitambaa kimetolewa, lakini bega limekaza. Hospitalini walimwambia afanye mazoezi kila siku. Akiacha, bega litazidi kukaza, na huenda mkono usipande tena. Na fundi rangi asiyefikia dari atapaka nini? Viti?

Binti yao hufanya kazi hapo hapo sebuleni, kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Yeye hutengeneza watu wa kompyuta. Humjenga mtu ndani ya skrini, akampa ngozi na nguo, kisha akamtia mifupa. Mifupa hiyo haionekani kwenye video, lakini ukiivuta kwa kipanya, mtu anasogea. Mama huwaambia rafiki zake kwamba binti yake anacheza na katuni kutwa nzima na bado anaitwa mfanyakazi.

Safari hii binti alikuwa na kazi ya hospitali. Walitaka video fupi ya mazoezi ya bega, ya kuonyeshwa kwenye chumba cha kusubiri. Ni hospitali ile ile anakotibiwa Baba. Kwa hiyo binti aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote.

Mtu wake alitoka mtanashati kweli. Alivaa shati jeupe lisilo na kunyanzi hata moja. Tatizo ni kwamba kila bega lilipopanda, shati lilijikunja shingoni na kwapani. Binti akatafuta dawa ya haraka. Alilifunga bega, yaani aliiamuru kompyuta isiusogeze kabisa mfupa wa bega. Kisha akauinua mkono peke yake kutoka pembeni, umenyooka, kiganja kikitazama chini, mpaka karibu na sikio, na mwishoni kabisa akakigeuza kiganja. Shati likatulia. Baba alimlea akimwambia kazi iwe safi, na binti akaona hii ni safi.

"Baba, njoo uone zoezi lako," alimwita.

Baba alisimama mbele ya skrini. Mtu wa kompyuta aliinua mkono taratibu mpaka juu. Baba akainua wa kwake vile vile, kiganja chini. Mkono ulikaribia usawa wa bega, ukagoma. Baba akalazimisha. Uso ukamkunjamana kwa maumivu.

"Pole, Baba. Pumzika kwanza."

"Nimepumzika vya kutosha," alisema, akaenda zake chumbani.

Kuanzia siku hiyo Baba hakufanya mazoezi tena. Wala hakugombania vifungo. Mama alimfungia shati, naye akasimama kimya, na kimya hicho kilimtisha Mama.

"Baba yako kanyamaza," alimwambia binti. "Miaka yote hii namwomba anyamaze. Sasa kanyamaza, nami sipendi."

Binti alimfuata Baba kibarazani. Alimkuta akizifunga brashi zake pamoja kwa kamba, akitumia mkono mmoja na meno.

"Unazipeleka wapi, Baba?"

"Kwa mafundi wenzangu. Brashi nzuri haifai kukaa bure."

"Lakini daktari alisema mkono utapanda ukifanya mazoezi."

"Nimeyafanya. Na mtu wako nimemwona anavyofanya. Yule ana bega, mimi sina tena. Tusidanganyane, mwanangu."

Binti alijisikia vibaya sana. Video ilikusudiwa kumtia mgonjwa moyo, na mgonjwa wa kwanza kuiona ndiye huyu anayegawa brashi zake.

Jioni alipita jirani wa mlango wa pili kuikagua video kabla haijapelekwa hospitali. Yeye ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo na hufanya kazi huko huko. Majirani humwita Dada Nyoosha, kwa sababu hawezi kuingia nyumba ya mtu bila kumwambia anyooshe mgongo. Mama alimsimulia yote pale mlangoni, hata viatu hajavua.

Dada Nyoosha aliitazama video mpaka mwisho. Akairudia. Kisha akamgeukia Baba.

"Mzee, hebu njoo kidogo. Inua mkono wako mzima kama huyu bwana."

"Mzima una nini? Mgonjwa ni huu."

"Najua. Nautaka huo mzima."

Baba aliinua mkono wa kushoto, kiganja chini. Dada Nyoosha akaweka mkono wake juu ya bega hilo, akalizuia lisipande. Mkono ulifika usawa wa bega, ukapita kidogo, ukakwama.

"Panda zaidi, mzee."

"Hauendi."

"Hauendi, na huo haujawahi kuumia. Hata wangu hauendi. Hakuna mtu anayeweza kufikisha mkono sikioni namna hii, bega limefungwa na kiganja kinatazama chini. Huyu bwana anafanya kisichowezekana."

Baba aliutazama mkono wake mzima, kisha akaitazama skrini. "Kwa hiyo nilikuwa nashindana na mwongo?"

"Tena mwongo aliyepigwa pasi," alisema Mama.

Binti aliona aibu, lakini alisogeza kiti karibu. "Dada, nimekosea wapi? Nionyeshe."

"Umelifunga bega. Mkono wa mtu hauanzii pale unapoungana na bega. Unaanzia kwenye mtulinga, huu mfupa ulio chini ya shingo, na kwenye kombe la bega, ule mfupa bapa wa mgongoni. Mkono ukipanda, navyo vinasogea. Weka vidole mgongoni kwa Baba usikie."

Binti aliweka vidole. Dada Nyoosha akaliachia bega.

"Sasa inua tena, mzee. Ukifika usawa wa bega, geuza kiganja kitazame juu."

Mkono ulipanda bila shida mpaka sikioni. Chini ya vidole vyake binti alisikia mfupa bapa ukiteleza na kugeuka kuelekea kwapani. Alikuwa ametengeneza mabega mengi, lakini hakuwahi kuligusa moja likiwa kazini. Tena mgongo wa Baba ulikuwa umekonda kuliko alivyodhani. Alimwonea huruma, akatamani angemshika hivyo siku nyingi zilizopita.

"Na kiganja kinahusu nini?" aliuliza.

"Mfupa wa juu wa mkono lazima uzunguke ndani ya bega. Usipozunguka, unagongana na mfupa ulio juu yake. Mkono ukiwa umenyooka, ukigeuza kiganja juu, na mfupa huo unazunguka. Mtu wako hakuuzungusha, na Baba akamfuata."

Kisha akaonyesha kidole kwenye skrini, mahali kiganja cha yule mtu kinapoungana na mkono.

"Na hapa, anapogeuza kiganja mwishoni, umemsokota kama karatasi ya peremende. Kiwiko ni kama bawaba ya mlango. Kinakunja na kunyoosha, basi. Hakizunguki, wala hakikunji kwenda nyuma. Kifundo cha mkono nacho hakijisokoti. Kiganja kinageuzwa na mifupa miwili iliyo kati ya kiwiko na kifundo. Mmoja unapita juu ya mwenzake. Jishike mwenyewe."

Binti aliushika mkono wake chini ya kiwiko, akageuza kiganja huku na huku. Karibu na kiwiko ngozi ilisogea kidogo tu. Kadiri alivyoshuka kuelekea kifundo ilisogea zaidi.

"Kwa hiyo mzunguko niusambaze," alisema. "Kidogo huku juu, mwingi huku chini. Nisiurundike wote kwenye kifundo."

"Umeelewa."

"Sasa shati, dada? Nikilifungua bega litajikunja."

Baba ndiye aliyejibu. "Acha lijikunje. Langu linajikunja kila siku."

Dada Nyoosha alimgeukia. "Na wewe, mzee, mkono unaopona haulazimishwi. Inua mpaka unaposikia unavuta. Simama hapo, vuta pumzi, shusha. Maumivu makali yakija, acha, uje utuulize. Kesho utafika mbele kidogo."

"Basi na yeye asimame," Baba alisema. "Msimpandishe moja kwa moja kama bendera."

Kesho yake binti alilifungua bega la mtu wake. Aliweka kikomo cha kiwiko ili kisivunjikie nyuma. Aliusambaza mzunguko wa kiganja. Baba alikaa kando yake, naye akawa msimamizi msumbufu kuliko mteja yeyote. Alifanya zoezi kwa mkono mgonjwa, binti akamtazama mgongo, kisha akamfanyisha mtu wa kompyuta vile vile. Bega lilipanda kwa uzito, mkono ukasimama njiani, ukapumzika, ukaendelea. Shati lilijikunja kwapani kama mashati yote ya duniani.

"Hapo umenipata," Baba alisema. "Mbaya hivyo hivyo."

Brashi hazikuondoka. Baba alifanya mazoezi kila siku mbele ya ile video, na Dada Nyoosha alipita mara kwa mara kumkagua. Wiki za kwanza mkono ulipanda kidogo sana, Baba akanung'unika. Mama alifurahi kumsikia akinung'unika.

Video ikaanza kuonyeshwa hospitali. Siku moja Baba alikwenda kliniki, akakaa kwenye benchi la kusubiri. Pembeni yake alikaa mwanamke aliyefungwa mkono shingoni, akiangalia skrini ukutani.

"Hawa wanatuletea watu wenye mabega mazima watufundishe," mwanamke alisema. "Yule angevunjika kama mimi, angeinua vile?"

"Yule si mzima," Baba alisema. "Angalia vizuri. Bega linapanda kwa taabu. Sasa amesimama, kunamvuta. Unaona?"

Mwanamke aliangalia. "Kweli, anapumzika. Umejuaje?"

"Yule ni mimi."

Mwanamke akacheka, akidhani ni utani. Baba hakubishana naye. Aliinua mkono wa kulia pembeni. Ulipofika usawa wa bega aligeuza kiganja, akasimama kidogo, akavuta pumzi, akaendelea. Haukufika sikioni, lakini vidole vilikipita kichwa kwa juu. Mwanamke aliacha kucheka.

Muuguzi alitoa kichwa mlangoni. "Mzee, shusha mkono, zamu yako bado."

"Acha ukae hapo kidogo," Baba alisema. "Umechelewa sana kufika."